Breki za diski kwenye baiskeli ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo inakuteremsha karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33 hivi. Mvua ikiwa imenyesha, vidole havibanduki kwenye breki. Naelewa kabisa kwa nini mwenye baiskeli ya mlimani ya mtumba anatamani diski. Tatizo ni kwamba wengi wananifikia wakiwa wameshanunua. Mtu anashusha mfuko wenye kalipa mbili (vibanio vinavyoikamata diski) na diski mbili, anasema, "Fundi, nifungie hizi," nami namrudishia mfuko wake bila hata kushika spana. Inauma, maana hela imeshatoka. Bora niyaseme mapema.

"Diski zinaingia baiskeli yoyote"

Haziingii. Anza na fremu na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele; breki zije baadaye. Chuchumaa upande wa kushoto, ule usio na cheni, ufute tope karibu na ekseli. Kalipa inahitaji masikio ya kushikilia. Yapo ya aina mbili za kawaida: bamba lenye matundu mawili yaliyoachana milimita 51, bolti zikipita kwa ubavu; au vinundu viwili vyenye nyuzi ndani, vilivyoachana milimita 74. Baiskeli nyingi zilizotoka kiwandani miaka ya mwanzo ya 2000 zina vyote, vigingi vya breki za V (zile za mikono miwili inayobana ringi) pamoja na masikio ya diski, kwa sababu soko lilikuwa bado linahama. Nimewahi kukwangua tope kavu kwenye fremu ya namna hiyo, mwenyewe akashangaa: ameiendesha muda wote huo bila kujua masikio yapo.

Kisha tazama habu, kitovu cha gurudumu. Diski inafungwa kwa bolti 6, au inaingia kwenye meno na kubanwa kwa nati kubwa. Habu isiyo na matundu hayo wala meno huwezi kuigeuza. Utanunua nyingine na kufunga spoku upya, au utafute gurudumu zima. Pima upana pia: mbele kwa kawaida ni milimita 100, nyuma 135, na fremu za zamani zaidi huwa na 130 au hata 126. Spoku lazima zipishane. Diski inaikamata habu na kuipinda kwa nguvu, na spoku zilizonyooka moja kwa moja hadi kwenye ringi haziuwezi msokoto huo.

"Kama masikio hayapo, yatachomelewa"

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Niliwahi kukubali lifanyike kwenye fremu yangu mwenyewe ya alumini. Mchomeleo ulitoka msafi, unapendeza kwa macho. Baada ya muda nikiwa naosha baiskeli nikaona mstari mwembamba kama unywele, pembeni kabisa ya mchomeleo. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba, rangi ikafunguka na ufa ukaonekana. Sikuipanda tena.

Sababu yake ni hii. Alumini ya fremu, kama ile ya 6061, hupata ugumu wake kwa kupashwa joto kiwandani kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea unaondoa ugumu huo pale pale unapoongeza mzigo. Kiwanda kinachomelea kwanza, kisha fremu nzima inarudi kwenye tanuri. Sisi tanuri hilo hatuna. Fremu ya chuma inavumilia zaidi mikononi mwa anayejua mabomba membamba, lakini foku sikubali, iwe ya chuma au ya alumini. Breki ya ringi inasukuma juu, karibu na shingo ya foku, kwenye miguu yote miwili. Diski inasukuma chini, mguu wa kushoto peke yake. Mguu ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo unaweza kupinda, na ukipinda ni wakati umebana breki ya mbele mteremkoni.

Tena kuna jambo la ekseli. Kwa jinsi kalipa inavyokaa nyuma ya mguu, ukibana breki nguvu huivuta ekseli kuelekea mdomo wa foku, kule inakotokea. Mkono wa kubana ekseli ukiwa legelege, gurudumu linaweza kuchomoka. Vile vijiukingo kwenye ncha za foku vinavyochelewesha kutoa gurudumu viko hapo kwa ajili hiyo. Tafadhali usivisage.

"Breki za V ni za kizamani, hazishiki"

Kampuni ya Shimano ilizileta mwaka 1996, na zikiwa zimesetiwa vizuri, na raba nzuri kwenye ringi safi ya alumini, zinafunga gurudumu bila shida. Ringi ya chuma iliyolowa ndiyo inayoteleza. Diski inashinda kwenye matope, kwenye mvua, na pale ringi inapokuwa imepinda. Pia haili ringi. Asiye na masikio nyuma ila ana foku inayokubali diski, namshauri afunge diski mbele na kuacha V nyuma. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi.

"Kishikio chochote kitavuta"

Kishikio cha breki za V kinavuta waya mrefu, cha baiskeli za barabarani kinavuta mfupi. Ndiyo maana kalipa ya waya kama Avid BB7 ilitolewa kwa namna mbili. Ukichanganya, breki inakuwa laini kama sifongo au ngumu isiyosogea.

"Mafuta ya breki ni yale yale"

Si yale yale, kwa diski zinazosukumwa kwa mafuta badala ya waya. Shimano, Magura na Tektro wanatumia mafuta ya madini. Mafuta ya DOT, yanayouzwa kila duka la spea za magari, ni ya mifumo kama breki nyingi za SRAM. Ukitia DOT kwenye Shimano, mipira ya ndani inavimba na kuharibika, na kuibadilisha peke yake ni shida. Mara nyingi unanunua breki nyingine.

"Diski mpya haishiki, nimeuziwa feki"

Kwanza jiulize nani ameishika kwa vidole vyenye grisi. Ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zikishanyonya mafuta, zibadilishe. Halafu tafuta barabara tambarare, kimbiza baiskeli, bana breki moja kwa nguvu bila kufunga gurudumu hadi ukaribie kusimama, achia, rudia mara 20 au zaidi, kisha fanya hivyo na ya pili. Mwanzoni inateleza tu. Taratibu kidole kitaanza kusikia pedi inashika mapema, na uso wa diski utapata weusi mwepesi uliosambaa sawasawa. Hapo ndipo uipeleke Lushoto.