Spidi ya Kwenye Runinga Inavyotengenezwa

Ukitaka kujua kama gari unalolitazama kwenye kipindi cha magari linapita kona ile kwa mara ya kwanza, achana na gari lenyewe. Tazama lami. Mara nyingi, sekunde moja kabla gari halijafika, utaona michirizi myeusi ya tairi imeshajikunja kwenye kona, na mkunjo wake ni uleule ambao gari linakaribia kuufuata. Ni alama za gari hilohilo. Limeshapita hapo mara kadhaa, kamera ikihamishwa kila mara kutoka ukingo mmoja wa barabara kwenda mwingine.

Hatusemi ni utapeli. Vipindi hivi ni burudani, na burudani hupangwa. Ila sisi tunaofundisha watu kupiga picha za video na kuzihariri hukutana na watazamaji wengi, hasa vijana waliopata leseni juzijuzi, wanaoamini kwamba runinga imewaonyesha jambo kama lilivyotokea. Wakishajua kazi inavyofanyika, hawaachi kutazama. Wanatazama kwa macho mengine.

Tuanze na mahali kamera inapokaa, kwa sababu hapo ndipo sehemu kubwa ya spidi inapozaliwa. Jicho halina kipimo cha kilomita kwa saa. Linachokiona ni namna vitu vinavyolipita. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 17 kila sekunde. Litazame kutoka juu ya kilima, nusu kilomita kutoka barabarani, na utasema linatambaa. Sasa funga kamera ndogo chini ya bampa, sentimita 30 juu ya lami, uweke lenzi pana, inayoonyesha eneo kubwa kwa mara moja. Mita zilezile 17 zinageuka mafuriko ya kokoto na mistari meupe yanayokurukia usoni. Dereva hajaongeza mafuta hata kidogo.

Lenzi ndefu hufanya kazi ya kinyume, nayo ina ujanja wake. Huvuta vilivyo mbali na kuvibananisha. Magari mawili yanayofuatana kwa nafasi ya kutosha kabisa, yakipigwa kutoka mbele kwa lenzi ndefu, yataonekana yamebebana, bampa kwa bampa. Picha nyingi za "karibu wagongane" zinatoka hapo. Madereva wenyewe wala hawakuwa na wasiwasi.

Halafu kuna gari la kamera. Juu ya paa lake hufungwa mkono mrefu wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kamera inayotulizwa na mitambo ili isitikisike hata barabara ikiwa mbovu. Ndani hukaa dereva, mwongozaji na mtu anayeelekeza kamera akitazama skrini. Magari yote mawili hukimbia pamoja, na hapo mchezo unakuwa rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Tuseme yote yako kwenye kilomita 60 kwa saa. Gari la kamera likipunguza mpaka 40, gari linalopigwa litachomoka kwenye picha kana kwamba limepigwa teke, na mtazamaji atashika kiti. Kumbe lililobadilisha mwendo ni lile ambalo haonyeshwi.

Njia ya zamani zaidi ni kuchezea idadi ya picha. Runinga za Ulaya huonyesha picha 25 kwa sekunde. Ukipiga picha 20 kwa sekunde kisha ukazionyesha kwa 25, gari la kilomita 60 litaonekana linakwenda 75. Watengenezaji wa filamu walikuwa wakifanya hivi tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Siku hizi mbinu hii hutumika kwa uangalifu, kwa maana hujiumbua upesi: vumbi hutua haraka mno, na mtu aliyesimama pembeni hugeuza shingo kama kuku. Mafundi wazuri hupendelea ukungu, yaani picha kufifia kwa sababu kitu kimesogea wakati kinapigwa. Kila picha ikiachwa ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, gari la kilomita 60 litakuwa limesogea sentimita 33 ndani ya muda huo, na miti iliyo nyuma yake itageuka mistari. Ukungu huo ndio jicho linaousoma kama mbio. Punguza muda wa mwanga kupita kiasi na kila kitu kitaonekana kikali, chenye kurukaruka, na mbio zitapungua nguvu ingawa gari ni lilelile.

Sasa tuje kwenye moshi, ambao ndio hupendwa kuliko vyote. Kipindi cha Top Gear cha BBC, kilichoanza mwaka 1977 kama kipindi cha kawaida cha ushauri kwa wenye magari, kilifumuliwa na kuundwa upya mwaka 2002, kikahamia uwanja wa zamani wa ndege za kivita wa Dunsfold, katika jimbo la Surrey, Uingereza. Hapo palichorwa njia ya majaribio kwa msaada wa kampuni ya Lotus. Katika kipindi kimoja mtazamaji alionyeshwa uendeshaji wa aina mbili, na wengi hawakuona tofauti. Kwanza mtangazaji, mara nyingi Jeremy Clarkson, alilipitisha gari kwenye kona kwa ubavu, tairi za nyuma zikiteleza, moshi mweupe ukifunika uwanja, naye akipiga kelele. Baadaye gari lilikabidhiwa kwa dereva aliyevaa mavazi meupe na kofia ngumu isiyoonyesha uso, aliyeitwa The Stig, akazunguka njia nzima akipimwa kwa saa.

Mwangalie The Stig. Hakuna moshi wa maana. Gari linaingia kona likiwa limetulia, linatoka likiwa limetulia. Sababu yake ni ya kifizikia tu: tairi inayoteleza hushika lami vibaya kuliko inayobingirika, na nguvu ya injini inayoishia kwenye moshi na mlio haijalisukuma gari mbele. Kupita kona kwa ubavu kwenye lami kavu ni kupoteza muda. Kwa maneno mengine, sehemu iliyoonekana ya kasi zaidi kwenye kipindi ndiyo iliyokuwa ya polepole. Watayarishaji walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mzunguko wa The Stig ulihitaji kupambwa kwa mizaha na muziki wa ajabu ndani ya gari. Uendeshaji wa haraka kweli haupendezi sana kuutazama.

Utelezaji wenyewe una maandalizi yake. Mifumo ya kielektroniki inayozuia gari lisiteleze huzimwa. Pengine lami humwagiwa maji, kwa kuwa kwenye maji gari huteleza kwa mwendo mdogo, matone yanayoruka hung'aa kwenye mwanga, na tairi hudumu zaidi. Hata hivyo tairi huisha, ndiyo sababu gari la pili lililojaa tairi mpya ni kitu cha kawaida kwenye kazi kama hizi, ingawa hutaliona kamwe.

Sauti nayo husafiri njia yake peke yake. Kinasa sauti cha kamera kikiwekwa nje ya gari linalokimbia hupata zaidi upepo. Kwa hiyo vinasa sauti vidogo hufungwa karibu na bomba la moshi, ndani ya chumba cha injini na ndani ya gari, kisha fundi huvichanganya baadaye apendavyo. Akiona mlio wa injini umelegea, huukazia. Mfano unaofundishwa sana ni filamu fupi ya Mfaransa Claude Lelouch ya mwaka 1976, ambamo gari linaikata Paris alfajiri likipita taa nyekundu huku injini ya Ferrari ikinguruma. Kwa miaka mingi watu walibishana ni Ferrari gani ile na dereva alikuwa nani. Lelouch mwenyewe alikuja kueleza kwamba alipiga picha akiwa kwenye Mercedes yake kubwa ya kifahari, kisha akabandika sauti ya Ferrari juu yake. Watazamaji walikuwa wameiona spidi kwa masikio.

Uhariri ndio unaofunga mkoba. Mguu unaokanyaga kanyagio, mkono unaobadili gia, mshale wa spidi unaopanda: vipande hivi vinaweza kupigwa kila kimoja kwa wakati wake, vingine gari likiwa limesimama. Ukihesabu gia anazopandisha dereva kwenye mbio ndefu za kuigiza, wakati mwingine utakuta amepandisha nyingi kuliko sanduku la gia lilizonazo. Kuna jambo la kukumbuka hapa. Kila mkato huficha muda. Mtazamaji hajui kati ya picha hii na ile zimepita sekunde mbili au saa mbili, na akili yake huziba pengo hilo kwa kudhani gari halikusimama.

Je, kuna spidi ya kweli kwenye vipindi hivi? Ipo. Mwaka 2007 James May, mtangazaji mwingine wa Top Gear, aliendesha gari la Bugatti Veyron kwenye njia ya majaribio ya Volkswagen ya Ehra-Lessien, Ujerumani, yenye sehemu iliyonyooka ya karibu kilomita 9, akafika kilomita 407 kwa saa. Hiyo ni mita 113 kila sekunde, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Na ukiitazama ni picha tulivu kuliko unavyotarajia! Barabara imenyooka, hakuna gari jingine, hakuna kona, mikono imetulia kwenye usukani. Kwa mwendo ule huwezi kutuma gari la kamera likimbie ubavuni. Msisimko unatoka kwenye namba zinazopanda na kwenye sauti ya mtu anayezisoma. Ukilinganisha na kilomita 60 za bampani tulizoanza nazo, utaona jinsi picha isivyo shahidi wa mwendo.

Kupanga hakuishii kwenye mwendo. Hadithi nayo hupangwa. Mwishoni mwa mwaka 2008 Top Gear ilionyesha jaribio la gari la umeme la Tesla Roadster, na ndani yake gari lilionekana likisukumwa na watu kuingizwa bandani, kama vile chaji imekwisha. Tesla ilifungua kesi mwaka 2011, ikidai kwamba kumbukumbu za magari zilionyesha chaji haikuisha. BBC haikudai kwamba gari lilizima kweli. Ilieleza kuwa picha ile ilionyesha ambacho kingetokea kama chaji ingeisha. Tesla ilishindwa, na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaitupa rufaa yake mwaka 2013. Katika Mahakama Kuu, jaji alisema hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angechukulia mwendo wa gari kwenye njia ile ya majaribio kuwa sawa na matumizi ya barabara ya umma. Kisheria huenda ni sawa. Binafsi naona jaji aliwapa watazamaji sifa kubwa kidogo kuliko tunazostahili.

Kinachobaki ni kile kilicho nyuma ya kamera. Njia ya kurukia ndege huchaguliwa kwa sababu gari likikosa kona litaserereka kwenye majani. Barabara ya umma ikitumika, hufungwa kwa kibali, na watu wenye redio za mawasiliano husimama kila mwisho. Gari la wagonjwa husubiri na injini ikiwaka. Nafasi hiyo yote ina hesabu yake: mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huwa mara nne. Barabara ya kawaida haina ziada hiyo.

Hata ziada hiyo ikiwepo, mambo huharibika. Tarehe 20 Septemba 2006, katika uwanja wa ndege wa Elvington, Yorkshire, Richard Hammond, mtangazaji mwenzao wa Top Gear, alikuwa akiendesha gari la injini ya ndege kwa zaidi ya kilomita 460 kwa saa tairi ya mbele ya kulia ilipopasuka. Aliumia vibaya kichwani. Alirudi kwenye kipindi Januari 2007, na picha za ajali zikaonyeshwa.

Ajali iliyokisimamisha kipindi haikuhitaji mwendo wa ndege. Desemba 2022, palepale Dunsfold, Andrew Flintoff, mchezaji wa zamani wa kriketi aliyekuwa mtangazaji, alipinduka na gari la wazi la magurudumu matatu. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Aliumia usoni vibaya. BBC ilimwomba radhi, na Novemba 2023 ikatangaza kwamba Top Gear haitarudi katika siku za karibuni. Watu wa fani yetu tuliposoma habari ile tuliijua shinikizo iliyoko ndani yake: kofia ngumu huficha uso, na runinga haina kitu inachokipenda kuliko uso wa mtu anayeogopa na kucheka kwa wakati mmoja. The Stig aliweza kuivaa kila siku kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kumwona. Mtangazaji huajiriwa ili aonekane.