Maana ya Etheneti ya wakati halisi

Etheneti ya wakati halisi ni mtandao wa kebo unaofikisha ujumbe wa mashine ndani ya muda uliopangwa, kila mzunguko. Wengi husikia jina hilo wakadhani ni mtandao wenye kasi kubwa. Kasi inasaidia, lakini kinachotafutwa ni uhakika wa muda.

Chukua kiwanda cha kubangua korosho pale Mtwara. Punje zinapita kwenye konveya, mita 1 kwa sekunde. Kamera inaona iliyoungua, PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mashine, inaiamuru vali ya hewa iipulize nje. Amri ikichelewa milisekunde 20, punje imeshasogea sentimita 2, karibu urefu wake wote. Hewa inaitoa nyeupe iliyokuwa nyuma, na iliyoungua inaingia kwenye katoni. Kama kuchelewa kungekuwa 20 zile zile kila mara, fundi angesogeza vali mbele na kazi ingeendelea. Kinachoharibu ni kuchelewa kunakobadilika: safari hii milisekunde 2, safari ijayo milisekunde 20. Huko ndiko kunakoitwa jita.

Jita hutokana sana na foleni ndani ya swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao na kupitisha fremu, yaani vifurushi vya data. Fremu ya baiti 1518 kwenye mtandao wa megabiti 100 huchukua kama maikrosekunde 121 kupita. Picha za kamera ya ulinzi zikitangulia kwa fremu 50, amri ya vali inasubiri milisekunde 6, tena kwenye swichi moja tu.

PROFINET RT, aina mojawapo ya Etheneti ya wakati halisi, hupunguza tatizo kwa kuruka TCP na IP, taratibu za kawaida za kupeleka data mtandaoni, na kuipa fremu kipaumbele cha juu, namba 6. Hata hivyo fremu hiyo bado itasubiri ile iliyokwisha kuanza kutoka. Swichi kumi mfululizo zinaweza kuongeza zaidi ya milisekunde 1. Kwa vali za korosho inatosha. Kwa mota zinazotakiwa kwenda pamoja, tumia IRT, aina ya PROFINET iliyo kali zaidi kwa muda, ambayo kila mzunguko hutenga kipande cha muda kwa ajili ya amri hizo peke yake, au EtherCAT, aina nyingine iliyotolewa na kampuni ya Beckhoff ya Ujerumani mwaka 2003. Humo fremu moja hupita kwenye vifaa vyote kama daladala ambalo abiria wanapanda na kushuka bila gari kusimama. Kwa hiyo usichomeke kamera wala swichi ya ofisini katikati ya mstari wa EtherCAT.

Kwenye PROFINET, kwa kawaida mizunguko mitatu ikipita bila ujumbe, kifaa huzima vinavyoendeshwa nacho, kama vali na mota, na laini ya uzalishaji inasimama. Mzunguko ukiwa milisekunde 2, pengo la milisekunde 6 linatosha kuisimamisha. Opereta anawasha, inafanya kazi, inasimama tena. Kabla ya kugusa programu, kagua kebo. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula pini, na mafuta ya maganda ya korosho huunguza. Plagi ya RJ45 ya ofisini haidumu hapo, weka M12, plagi ya duara ya kukaza kwa kuzungusha, yenye mpira. Kebo iwe na shildi, yaani kinga ya chuma ya kuzuia mwingiliano wa umeme, isizidi mita 100, ikae angalau sentimita 20 mbali na kebo ya mota itokayo kwenye inveta, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota. Zikilazimika kupishana, zikatane kwa nyuzi 90.

Kisha fungua ukurasa wa swichi, rudisha hesabu ya makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika, kwenye sifuri, subiri shifti moja. Ikipanda kwenye mlango mmoja tu wa swichi, yaani tundu la kebo, badilisha kebo ya mlango huo pamoja na plagi zake zote mbili.