Filamu ya rangi ya 120 na sura zetu: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Filamu ya rangi haikutengenezewa ngozi nyeusi.” Kila filamu ya 120, ile pana ya kamera kubwa, inapotajwa Kampala kauli hii huja, na haikuzuka hivi hivi. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na mtu mweusi akipigwa pamoja na mweupe, sura yake ilizama gizani. Ilikuwa dhuluma, na haifai kufunikwa. Lakini filamu za leo si zile. Kodak Portra, iliyoingia sokoni mwaka 1998, na ile ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) kuundwa upya mwaka 2010, inatenganisha vizuri maji ya kunde na weusi uliokolea.

Basi kwa nini sura bado zinatoka zimefifia? Wengi huilaumu filamu. Mara nyingi aliyekosea ni kipima mwanga. Chukua bwana harusi kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa: kanzu nyeupe imejaa nusu ya fremu, kipima mwanga cha kamera kinaiona hiyo, kinapunguza mwanga, na uso unabaki na njaa ya mwanga. Wapo pia waliojifunza kwa kamera za dijitali, ambako mwanga ukizidi sehemu nyeupe zinaungua, kwa hiyo wanaubana kwa woga. Negativu ya rangi ni kinyume kabisa. Ikizidishiwa stopu mbili, yaani mwanga mara nne, bado inatoa picha nzuri. Ikipunguziwa mbili, vivuli vinajaa chembe na rangi ya tope, na hakuna skana itakayoviponya. Mimi nasema Portra 400 ipigwe kama ISO 200, yaani ipewe mwanga mara mbili, na kipima mwanga cha mkononi kisogezwe usoni, upande wa kivuli.

“Filamu ya ISO ndogo ndiyo safi zaidi.” Kwa filamu ndogo ya 35 mm, pengine. Negativu ya 6x6, yaani sentimita sita kwa sita hivi kwenye filamu ya 120, ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya hiyo, kwa hiyo chembe za 400 hazionekani kirahisi hata kwenye picha kubwa ya ukutani. ISO 160 naiachia studio yenye flashi. Nje, kamera hizi nzito na lenzi zake ndefu zinadai kasi, la sivyo mkono unatikisa picha.

Rangi kali nazo zina mashabiki wao. Ektar 100, filamu nyingine ya Kodak, inaupamba mno kitenge, lakini wekundu wa uso inauzidisha, na mtu akisimama kwenye barabara ya marram, vumbi jekundu linarudisha mwanga wake kidevuni.

Na jua la saa sita? Hapa karibu na ikweta linasimama utosini na kuzika macho. Filamu haiondoi hilo. Tafuta veranda. Chini ya mwembe pia kunafaa, ila majani hutia ukijani shavuni.

Gharama ni kweli: roli moja ni picha 12 za 6x6, au 10 za 6x7. Ila bei ya filamu haibadilishi kazi ya kusafisha, kwani zote hizi hupitia C-41, utaratibu uleule wa dawa za negativu za rangi, dawa ikiwa nyuzi 37.8 za Selsiasi. Anayejifunza aanze na Kodak Gold 200, iliyotolewa kwa 120 mwaka 2022. Ni nafuu kuliko Portra, na umanjano wake unazikubali sana ngozi zetu, mradi isinyimwe mwanga.