Pantomimu ya kijijini Uingereza: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mwambie mtu wa Mombasa au Morogoro kwamba wanakijiji fulani wa Uingereza wako kwenye mazoezi ya pantomimu. Huenda akamfikiria mtu aliyejipaka rangi nyeupe usoni, anayepapasa ukuta usiokuwepo, kimya kabisa. Hiyo ni sanaa nyingine. Pantomimu ya Waingereza ni makelele mwanzo mwisho: nyimbo, mizaha, mashairi ya vina, mwovu kuzomewa, watoto kupayuka hadi sauti zikauke.

Kosa hilo lina mzizi wake, hata hivyo. Mapema katika karne ya 18, John Rich alikuwa akicheza jijini London kama Harlequin, mhusika aliyetoka kwenye vichekesho vya Italia, bila kutamka neno. Kwa muda mrefu sheria iliruhusu maigizo ya maneno katika kumbi chache tu zenye hati ya mfalme, na kumbi nyingine zikawa zinajikimu kwa dansi, muziki na viroja. Sheria ya mwaka 1843 ilipolegeza masharti hayo, kila ukumbi ukapata ruhusa ya kusema, na pantomimu ikasema kwelikweli.

Dhana nyingine ni kwamba mwanamume aliyevaa gauni anajaribu kufanana na mwanamke. Hajaribu hata kidogo. Huyo ni Dame, aghalabu mama wa shujaa, mpishi au dobi, na mzaha wote hufa pale watazamaji wanaposahau kwamba ni mwanamume. Habani sauti sana, na viatu vyake vinamsaliti. Dan Leno, mchekeshaji aliyetamba katika ukumbi wa Drury Lane jijini London mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyempa Dame utu: mwanamke fukara, mbea, asiyekata tamaa. Upande wa pili, kijana shujaa kwa desturi huchezwa na mwanamke aliyevaa buti ndefu, anayejipiga paja kila anapotangaza ushujaa wake. Siku hizi vikundi vingi humpa mwanamume nafasi hiyo. Kijijini, lakini, nadharia huwekwa kando: anaangaliwa nani anaweza kuimba na nani anaweza kuja mazoezini jioni za baridi.

Kwa kuwa msimu wake ni Krismasi, wapo wanaodhani ni igizo la kidini. Hapana. Hakuna Mariamu wala mamajusi. Tena vikundi vingi vya vijijini huonyesha Januari au Februari, kwa sababu Desemba waigizaji wana shughuli za nyumbani na kumbi kubwa za mjini zimeshawachukua watazamaji.

Hadithi zenyewe nazo hudhaniwa kuwa za Uingereza ya kale. Cinderella inayochezwa hutokana na Charles Perrault, Mfaransa, aliyeichapisha mwaka 1697. Aladini tunamjua kupitia Alfu Lela Ulela, ila aliyemwingiza humo ni mfasiri Antoine Galland, baada ya kusimuliwa na Hanna Diyab, mtu wa Aleppo. Waingereza wakaichukua hadithi hiyo, wakampa Aladini mama mwenye duka la dobi na jina Twankey, kutokana na aina ya chai ya Kichina. Shujaa wa Kiingereza hasa ni Dick (yaani Richard) Whittington, ambaye mchezoni ni yatima fukara anayetajirika kwa msaada wa paka wake, na hapo ndipo uongo ulipozidi. Richard Whittington aliishi kweli, akawa meya wa London, akafariki mwaka 1423. Lakini hakuwa yatima fukara: alizaliwa katika familia yenye ardhi. Yule paka wake maarufu hana ushahidi wowote.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: kwa kuwa ni watu wa ridhaa, basi ni ovyo tu, kila mtu anajifanyia. Pantomimu ina kanuni nyingi kuliko tamthilia nzito. Mwema huingia kutoka kulia kwa jukwaa na mwovu kushoto, yaani kulia na kushoto kwa mwigizaji anayewatazama watu. Mashairi ya vina ya mwisho kabisa hayatamkwi mazoezini, maana ni mkosi. Husikika mara ya kwanza usiku wa onyesho. Ng'ombe anayechezwa na watu wawili ndani ya vazi moja anahitaji hatua zilizopangwa kama ngoma, la sivyo miguu ya nyuma itaenda kwake. Hata lile tukio la kumwagiana rojo la unga hupangwa hatua kwa hatua, kwa sababu sakafu yenye utelezi huvunja watu mifupa.

Kuna na makaratasi. Mchezo ulioandikwa na mtu wa nje ya kikundi kwa kawaida hulipiwa ada ya haki za mtunzi, hata kama waigizaji hawalipwi senti. Watoto wakiwemo, kuna taratibu za halmashauri za kufuatwa, pamoja na walezi wa kuwaangalia nyuma ya jukwaa. Bahati nasibu na chai ya mapumziko ndizo husaidia kulipia mbao, rangi na maleba.

Na si mchezo wa watoto peke yao. Mtoto hucheka mtu anapoanguka. Mzazi wake hucheka barabara yenye mashimo inapotajwa, au kijiji jirani kinapochambwa. Mizaha hiyo ya mahali huongezwa na kikundi chenyewe, na bila hiyo onyesho huwa kavu.

Je, mgeni ataelewa? Aliyekulia kwenye paukwa na pakawa ataelewa upesi, kwani ukumbi nao una mistari yake. Jini likimnyemelea shujaa, watu wote hupiga kelele, "Yuko nyuma yako!" Mwovu akisema "Si kweli!", hujibiwa "Ni kweli!", na wanarudishiana hivyo hadi achoke. Dar es Salaam pia, Little Theatre ya Oysterbay imekuwa ikionyesha pantomimu za aina hii. Ukienda, fahamu tu kwamba Dame huchagua mwanamume mmoja wa safu ya mbele na kumtongoza mbele ya mkewe onyesho zima.