Sauti Ikikatika kwenye USB: Dhana Potofu na Ukweli

Studio nyingi ndogo za Sinza, Tabata na Mwananyamala, hapa Dar es Salaam, zina kigeuzi sauti mezani, kile kiboksi kinachounganisha kompyuta na maiki na spika kwa waya wa USB. Sauti ikianza kukwaruza au kukatikakatika, ushauri hutoka kila upande, na mwingi humtoa kijana pesa aliyoipata kwa kujinyima. Hilo linaniuma, maana tatizo mara nyingi hutatuliwa bure.

“Sauti ni data tu, itafika kama faili linavyofika kwenye flashi.”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Unapopeleka faili kwenye flashi, pakiti (kifurushi kidogo cha data) ikiharibika njiani hutumwa tena mpaka ifike salama, hata ikichelewa. Sauti haisubiriwi hivyo. USB huitengea zamu yake: kila milisekunde 1 kwenye USB ya zamani ya megabiti 12 kwa sekunde, na inaweza kuwa kila maikrosekunde 125 kwenye USB 2.0 ya megabiti 480. Pakiti ikiharibika hairudiwi, na kompyuta ikichelewa kuandaa sauti, zamu inapita tupu. Wewe unasikia “tik”, au kimya cha kufumba na kufumbua. Kwa hiyo anza kwa kutafuta kinachoichelewesha kompyuta.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, laptopu huhamia kwenye betri na mara nyingi hupunguza nguvu ya prosesa ili kuokoa chaji. Mikwaruzo huanza hapo hapo, na lawama huangukia kigeuzi kisicho na kosa. Kwenye Windows, nenda kwenye mipangilio ya umeme, chagua utendaji wa juu, kisha zima ile sehemu inayoruhusu matundu ya USB kulazwa. Zima na Wi-Fi, halafu sikiliza tena.

“Bafa kubwa inaharibu ubora wa sauti.”

Haigusi ubora hata kidogo. Bafa ni akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya zamu kufika. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 64 ni kama milisekunde 1.3, na ya 512 ni karibu milisekunde 10.7. Kinachobadilika ni ucheleweshaji tu: msanii anayejisikia kwenye hedifoni kupitia kompyuta ataona sauti yake inamfuata nyuma. Basi wakati wa kurekodi ishushe, wakati wa kumiksi ipandishe bila woga.

“Hamia tundu la USB 3, lina kasi zaidi.”

Piga hesabu. Sauti ya stereo ya biti 24 kwa sampuli 48,000 inahitaji megabiti 2.3 tu kwa sekunde. Kigeuzi cha USB 2.0 hubaki na kasi yake ile ile hata ukikichomeka kwenye tundu la USB 3. Kubadili tundu husaidia pale kigeuzi kilipokuwa kinagombania habu moja (kigawa tundu la USB) na diski ya nje au kamera.

“Taa inawaka, basi waya ni mzima.”

Waya wa USB 2.0 una nyaya nne ndani: mbili za umeme wa volti 5, mbili za data. Wa kuchajia tu hauna zile za data, hivyo taa huwaka na kompyuta haioni kitu. Ukinunua Kariakoo, omba uunganishe simu na kompyuta kwa waya huo, kama pini zake zinaingia, uone kama mafaili yanafunguka. Usidanganywe pia na waya wa bei mbaya unaosemwa “unang’arisha” sauti. Waya wa kawaida ulio mzima, usiozidi mita 5, unafikisha biti zile zile.

“Inanguruma, kigeuzi kimekufa.”

Chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukikoma, kigeuzi hakina shida: ni umeme wetu wa hezi 50, au kelele ya chaja yenyewe, unaopenya kupitia waya wa USB hadi kwenye spika. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, na kama kigeuzi na spika zinaruhusu, tumia waya za sauti zenye jeki ya TRS (yenye sehemu tatu za chuma zinazogusa). Kamwe usikate pini ya ethi (ile inayopeleka umeme ardhini) kwenye plagi; mngurumo unaweza kuisha, lakini kifaa kikipata hitilafu, umeme unaweza kumpitia aliyeshika maiki.