Mwana mpotevu hakutawanya mali: dhana potofu kuhusu maneno ya kutawanya, kusambaza na kuenea

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Kisumu akupe visawe vya tawanya. Hatasita: tapanya, sambaza, eneza, tandaza. Orodha hiyo inanakiliwa ubaoni miaka nenda miaka rudi, na ndiyo inayoharibu insha, kwa sababu mtoto huambiwa achague lolote ili asirudierudie neno moja. Sehemu ya lawama ni ya Kiingereza cha darasani. Kule neno spread hubeba siagi, shuka, ugonjwa na habari kwa pamoja. Kwetu siagi hupakwa, shuka hutandikwa, ugonjwa huenea, na habari husambaa. Anayefikiria kwanza kwa Kiingereza hujikuta na kapu zima la vitenzi asijue atoe kipi.

“Tawanya na tapanya ni neno moja, matamshi tu ndiyo tofauti.”

Hapa kuna chembe ya ukweli. Yote mawili yanahusu vitu vilivyokuwa pamoja na sasa haviko pamoja. Kuku hutawanyika mwewe akipita juu, na wanafunzi hutawanyika baada ya gwaride. Kisichokuwa kimekusanyika hakitawanyiki.

Tofauti inaanzia kwenye hukumu. Anayetawanya huenda ana sababu nzuri, huenda hana. Neno lenyewe halisemi. Anayetapanya amekwisha kuhukumiwa kabla hujamaliza sentensi. Mwana mpotevu katika Injili ya Luka alitapanya mali yake. Ukiandika kwamba aliitawanya, msomaji atadhani aliiweka huku na kule, pengine kwa busara. Mweka hazina wa chama anayetapanya fedha za wanachama ana kesi ya kujibu. Mwenzake anayezitawanya katika benki tatu huenda ndiye mwangalifu kuliko wote. Na kwa vitu vya kushikika, tapanya huja na fujo: mtoto ametapanya vitabu sebuleni, mbwa wametapanya taka. Penye neno hilo, mtafute wa kufagia.

Sasa nenda shambani. Huko Busia na Bungoma wakulima wengi wa wimbi bado hurusha mbegu kwa mkono, ikaanguka itakapoanguka. Kitendo hicho kina jina lake, nalo ni kusia. Maafisa wa kilimo huhimiza kupanda kwa mistari, na utawaelewa wakati wa palizi: lipo gugu lililo ndugu wa wimbi, ambalo likiwa changa hulitambui kwa macho, na pasipo mstari huna cha kukuonyesha kipi ung'oe na kipi ukiache. Lakini ubishi wa mistari ni wa kilimo. Kwa upande wa lugha, mwandishi anayesema mzee “alitapanya mbegu” amemtukana bure. “Alitawanya” inapita. “Alisia” ndilo neno lenyewe, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule vinalipita tu.

“Umati uliotawanyika na umati uliotawanywa ni ule ule.”

Ni ule ule, ndiyo, ila habari ni mbili. Chukua maandamano ya Kondele, mtaa wa hapa Kisumu. “Waandamanaji walitawanyika saa kumi” haina mtendaji. Labda walichoka, labda mvua ya jioni iliwafukuza. “Waandamanaji walitawanywa saa kumi” inamdai mtu: walitawanywa na nani, kwa nini? Msomaji anangoja polisi na gesi ya kutoa machozi, na asipowapata anajua amefichwa kitu.

Kiambishi kimoja tu ndicho kimebadilika. Kiambishi cha hali, ile -ik-, hueleza mambo yalivyokuwa bila kumtaja aliyeyafanya hivyo. Kiambishi cha kutendwa, hata mtendaji asipotajwa, humwachia nafasi yake. Mwenye duka aliyeshusha mlango wa chuma macho yakimwasha hatakuambia kwamba watu “walitawanyika”. Taarifa zilizoandikwa kwa tahadhari hulipenda sana neno hilo. Silaumu kila anayelitumia, maana kuna siku watu hutawanyika kweli kwa hiari yao, lakini mhariri aulize kabla ya kupitisha.

“Kusambaza ni kutawanya kwa lugha ya ofisini.”

Kusambaza kuna kunakotoka na kunakokusudiwa. Vitabu husambazwa shuleni, dawa husambazwa katika zahanati, umeme husambazwa vijijini. Lori la vitabu likipinduka karibu na Ahero, kurasa zikapeperuka hadi kwenye mashamba ya mpunga, vitabu hivyo vimetawanyika. Havijasambazwa, hata kama mwishowe vimefika mahali pengi kuliko vilivyopangiwa. Vikifika shuleni salama, kinachofuata ni kugawa, kwa sababu sasa kila kitabu kina mkono wa mtoto unaokipokea.

Kenya tumeongeza jambo letu hapa. Tangu Safaricom iipe jina la Sambaza huduma ya kuhamisha salio kutoka simu moja kwenda nyingine, watu husema “nisambazie hamsini” bila kufikiri. Kwa kipimo cha zamani ni ajabu: kitu kimetoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, na hakuna kilichosambaa. Sioni haja ya kuyapiga vita matumizi yaliyokwisha kuota mizizi sokoni na kwenye matatu. Ila “baba alinisambazia karo” isiingie kwenye karatasi ya mtihani.

“Eneza ni la mambo mabaya tu.”

Hapana. Watu hueneza injili, elimu na amani, kama wanavyoeneza uvumi na kipindupindu. Lenye harufu mbaya ni zagaa: uvumi umezagaa, pombe haramu imezagaa, taka zimezagaa. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu akisema upendo umezagaa nyumbani kwake.

“Tofauti hizi ni za watu wa Pwani, huku bara tunaongea tu.”

Hii hunichosha kuliko zote. Fika ufuo wa Dunga hapa Kisumu asubuhi, boti za omena, wale dagaa wa ziwani, zikirudi. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, kwa hiyo inafika nchi kavu jua likianza kupanda, na kazi ni ya haraka. Kwanza nyavu kuukuu hutandikwa chini. Kisha omena humwagwa juu yake, lundo la rangi ya fedha linaloteleza. Mama huinama na kulipapasa kwa viganja vyote viwili kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka tabaka liwe jembamba na hakuna samaki aliyemlalia mwenzake, kwa sababu wa chini akifunikwa hakauki, huanza kunuka. Huko ndiko kutandaza: kitu bado kimeshikana, kimekuwa bapa tu, na kimepata uso mpana. Kazi nzima, kuanzia nyavu hadi jua la saa saba, ni kuanika. Mawingu yakitanda upande wa ziwa, kinachofuata ni kuanua, na hapo hakuna anayesimama kutazama.

Vitenzi hivyo vyote vina kazi tofauti kwenye mita chache za mchanga, miongoni mwa watu ambao wengi wao nyumbani huongea Dholuo. Kijana akiambiwa “tandaza”, anajua asiache matuta. Akiambiwa “tawanya”, ataacha mapengo.

“Kuenea na kutawanyika ni mwendo mmoja.”

Tofauti hii ndiyo inayofichika zaidi, ingawa mfano wake umekaa wazi Nakuru. Heroe, wale ndege waliokuwa wakiipaka kingo za ziwa rangi ya waridi, walipungua sana maji yalipopanda kuanzia miaka ya 2010. Maji mengi yalizimua chumvi, mwani wanaoula ukapungua, nao wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Niliwahi kusoma kwamba “heroe wameenea Bonde la Ufa”. Hawakuenea. Kinachoenea hubaki pale kilipokuwa na kuongeza pengine, kinachotawanyika hupaacha. Wasomaji waliofurahia kwamba ndege wameongezeka hawakuwa na kosa, waliamini neno.

Gugu maji la Ghuba ya Winam, ambalo limekuwa likitusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lina uwezo wa kufanya yote mawili. Zulia la gugu likisukumwa na upepo kutoka Kisumu hadi upande wa Kendu Bay limehama tu, na siku ya pili wavuvi wa Kisumu wanapita. Likimeguka njiani, vipande vimetawanyika. Kila kipande kikitoa vichipukizi na kuziba maji hapo kilipotua, wakati huku nyuma lililobaki nalo linaendelea kuzaana, hapo sasa andika kwamba gugu limeenea.