Maji Ndani ya Nyumba Yaanzie Kwenye Ramani

Wateja wengi wanaotuletea mawazo ya nyumba mpya siku hizi huomba ukuta wa kioo unaofunguka wote, baraza inayoendelea moja kwa moja kutoka sebuleni, na kidimbwi cha maji kilichogusana na sakafu. Ombi hilo ni zuri, wala si geni katika pwani yetu. Katika magofu ya jumba la kifalme la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, bado lipo bwawa la pembe nane juu ya genge linalotazama bahari. Katika nyumba za mawe za Lamu nako, mtu akivuka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, huingia kiwandani, ua wa ndani uliozungukwa na kuta nene za matumbawe, na mbele yake hukuta msana, ukumbi ambao upande mmoja hauna ukuta kabisa. Birika la maji lilijengwa pamoja na nyumba yenyewe, na wenyeji waliweka humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Kinachonisikitisha katika ramani za sasa ni kwamba kidimbwi huchorwa mwisho, kama pambo, pale palipobaki nafasi, na mara nyingi pale pamepigwa na jua la saa nane mchana.

Maji hupoza mahali kwa kugeuka mvuke. Kila kilo moja inayogeuka mvuke hubeba joto la takriban kilojuli 2,400, lakini hewa hupokea mvuke huo pale tu inapokuwa kavu kiasi cha kuupokea. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na kidimbwi kidogo kivulini hubadilisha kabisa hali ya ukumbi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hewa tayari imebeba unyevu mwingi, kwa hiyo kidimbwi kilichofungiwa ndani ya ua uliozibwa pande zote mwezi wa Machi hakimpozi mtu, bali humwongezea jasho. Pwani kinachopoza ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na msanifu anapaswa kuzijua njia zote mbili kabla hajachora ukuta wa kwanza: maji yawe upande upepo unapoingilia, chini ya mti au paa, na ukuta wa pili uwe na madirisha ya kuutoa. Mimi humshauri mteja wa pwani ayapende maji kwa macho na kwa sauti yake, na ubaridi autafute kwenye kivuli na upepo.

Mvuke huo una gharama. Kidimbwi cha mita za mraba 10 kikipoteza milimita 5 kwa siku, kinahitaji lita 50 kila siku, yaani lita 1,500 kwa mwezi, na katika miezi sita isiyo na mvua ni lita 9,000. Paa la mita za mraba 100 hukusanya karibu lita 100 kwa kila milimita ya mvua, hivyo tangi la lita 10,000 lililojazwa wakati wa mvua linaweza kubeba mzigo huo wote, mradi mifereji ya paa na tangi vimeingia kwenye ramani mapema.

Unyevu ndio unaoharibu nyumba nyingi za aina hii. Katika nyumba moja niliyoikagua, plasta ya sebule ilikuwa imebabuka hadi usawa wa goti, marumaru yalipogongwa yalitoa mlio wa uwazi chini yake, na nyuma ya kabati la vyombo ukungu mweusi ulikuwa umetambaa hadi kwenye kona. Zege la bwawa lilikuwa limemwagwa pamoja na msingi wa nyumba, na ufa mwembamba usioonekana kwa jicho ukawa njia ya maji. Bwawa lisimame peke yake, liachane na msingi kwa nafasi iliyojazwa kitu kinachonyumbulika, na sakafu ya baraza iinamie nje kwa sentimita 2 kwa kila mita. Anayetaka sakafu ya ndani na ya nje ziwe usawa mmoja hana budi kuweka mfereji wenye wavu wa chuma mlangoni kote. Karibu na bahari, nondo zifunikwe kwa zege la kutosha, kwa sababu chumvi huzifikia upesi.

Mbu hukua katika maji yaliyotulia kwa wiki moja au mbili, na Dar es Salaam iliyopata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019 inajua uzito wa jambo hili. Pampu izungushe maji hadi kwenye kona, na vishimo vya pampu pamoja na visahani vya vyungu vya maua vimwagwe kila wiki.

Lililo zito zaidi ni watoto. Duniani kote, wenye umri wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaozama kwa kiwango kikubwa zaidi, na ukuta unaofunguka wote humwondolea mtoto kizuizi pekee kilichokuwapo kati yake na maji. Uzio wa mita 1.2 wenye lango linalojifunga lenyewe ni kinga nzuri, ingawa wateja wengi huuona unaharibu mandhari. Kwa familia yenye wadogo napendekeza kidimbwi kijazwe mawe ya mviringo hadi juu, maji yapite katikati yake na kusikika bila kuwa na kina kilicho wazi, na mawe hayo yatolewe watoto watakapokuwa wamejua kuogelea.